Nguo ya Kutwa Nzima: Jinsi ya Kujenga Mtindo Wako Bila Kufukuza Fasheni

Picha ya mshono inayozunguka kwenye simu imepigwa mtu akiwa amesimama, tumbo amelivuta ndani, kiyoyozi kinapuliza, na pengine kitambaa kimekusanywa mgongoni kikabanwa kwa pini. Wewe nguo hiyohiyo utaivaa tangu alfajiri. Utapanda nayo daladala, utakaa nayo ofisini au dukani, utainama nayo kumfunga mtoto kamba za viatu, na jioni utapitia nayo sokoni. Wengi wetu tunachagua nguo kwa jinsi inavyoonekana ikiwa imetulia, na nguo ikishavaliwa haitulii hata dakika kumi.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kupendeza huku anapumua. Nimeuandika nikiifikiria Dar es Salaam, yaani joto, jasho, foleni na mafundi cherehani wa kila mtaa. Aliyeko Njombe au Nairobi ataongeza sweta. Mengine ni yaleyale.

Na kama unadhani kuvaa kwa raha ni kuvaa ovyo, itazame Kaunda suti. Koti la mikono mifupi, halidai tai, lina mifuko ya kutosha, kitambaa chepesi. Rais Kenneth Kaunda wa Zambia aliivaa miaka nenda miaka rudi mpaka ikachukua jina lake ukanda mzima, huku suruali za bugaluu za miaka ya 1970 zikija na kuondoka. Rais William Ruto wa Kenya naye aliishikia bango hasa mwaka 2023, na Novemba mwaka huohuo Spika Moses Wetang'ula akaipiga marufuku bungeni. Nguo ya mtu kukwepa joto imefika mahali pa kutolewa uamuzi na Spika!

Hatua ya kwanza: Anzia kwenye kamba ya kuanikia

Kabati linakuonyesha ulichonunua. Unachokivaa kweli kiko kwenye kamba ya kuanikia na kwenye tenga la nguo chafu. Kwa wiki mbili au tatu usibadili chochote, vaa kama kawaida yako, ila kila siku ya kufua angalia ni nguo zipi zinarudi kambani tena na tena. Sare ya kazi usiihesabu, maana hiyo hukuichagua.

Zikishakauka, chukua tano hivi zinazojirudia, zitandaze kitandani, kaa na kalamu na karatasi. Kwa kila moja andika: kitambaa gani, shingo ya namna gani, mikono inaishia wapi, urefu unagota wapi mguuni, inagusa mwili wapi na inaachia wapi, ina mifuko au haina, inafungwa kwa zipu, vifungo au lastiki. Usiandike "nzuri" wala "naipenda". Andika mambo ambayo fundi akiyasoma anaweza kuyakata kwa mkasi.

Utashangaa jinsi nguo hizo zinavyofanana. Mtu anayejiona hana mtindo wowote anagundua kwamba zote tano zina mikono ya kufika kwenye kiwiko, hakuna hata moja yenye zipu mgongoni, nne zina mifuko, na rangi zinazunguka kwenye buluu na udongo. Huo ndio mtindo wake, na ameshakuwa nao siku zote bila kuutambua.

Kisha geukia upande wa pili: nguo ulizozivaa ukazivua kabla ya kutoka, au ulizoshinda nazo ukihesabu saa za kurudi nyumbani. Hapa uwe mkali kwenye sababu. "Siipendi" haikusaidii. Sababu halisi ni kama "lastiki inachimba kiunoni", "nikikaa inapanda mapajani", "inadai gagulo", "shingo inateleza begani nashinda naivuta", "haivaliki bila viatu vya mchuchumio". Orodha hii ina faida kuliko ile ya kwanza, kwa sababu ukienda nayo dukani inakuondolea robo tatu ya vishawishi. Gauni linalodai gagulo, sidiria maalumu na viatu vya mchuchumio ni gharama nne ndani ya bei moja.

Hatua ya pili: Pigia hesabu siku zako

Hii ni fupi. Andika saa zako za wiki moja: kazini, njiani, nyumbani, ibadani, kwenye shughuli. Wengi tuna nguo nyingi za Jumamosi moja na chache za Jumatatu mpaka Ijumaa. Ukinunua nguo, gawanya bei kwa idadi ya siku utakazoivaa kweli. Suruali ya shilingi 60,000 inayovaliwa kila wiki kwa mwaka mzima inakugharimu kama 1,150 kwa siku. Gauni la 40,000 lililotoka mara mbili limekula 20,000 kila lilipotoka. Fasheni ikipita, hesabu ya namna hiyo ndiyo inayobaki kabatini.

Hatua ya tatu: Ipe nguo mtihani wa mwendo

Ukijaribu nguo, iwe ya dukani, ya mtumba au imetoka kwa fundi, usigeuke tu mbele ya kioo. Fanya mambo ambayo mwili wako hufanya kila siku.

Nyoosha mkono juu kana kwamba umeshika bomba la daladala. Blauzi ikipanda mpaka tumbo likaonekana, au kwapa likikaza, tatizo ni tundu la mkono, na hilo halitapona kwa kuzoea. Chuchumaa. Kaa kwenye kiti, kisha kaa chini mkekani, maana msibani hakuna viti vya kutosha. Panua hatua moja kubwa ya kupanda bodaboda au kuvuka mfereji. Kumbatia hewa mikono yote miwili mbele. Mgongo ukilalamika, shati ni dogo hata kama vifungo vinafungika. Kisha kaa dakika tano nzima, ukisimama tazama mikunjo: kitambaa kinachokunjamana vibaya kwa dakika tano, ukifika ofisini kitakuwa kama kimelaliwa.

Nyonga hupanuka ukikaa, kwa inchi moja au zaidi. Ndiyo maana sketi iliyokukaa vizuri ukiwa umesimama inageuka kamba ukiketi. Kama siku yako ni ya kukaa, nguo ijaribiwe ukiwa umekaa.

Hatua ya nne: Kijue kitambaa kabla ya kuujua mshono

Ukiniuliza pesa iwekwe wapi kwanza, nitakwambia kwenye kitambaa. Mshono wa kawaida kwenye kitambaa kizuri unavalika miaka. Mshono wa kifahari kwenye kitambaa kibaya unavaliwa mpaka saa nne asubuhi.

Adui wa pwani ni unyevu kuliko jua lenyewe. Hasa Desemba mpaka Machi jasho linatoka na hewa haina nafasi ya kulipokea, kwa hiyo linakaa mwilini. Pamba ikiwa imening'inia tu hewani hushika unyevu wa kama asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata asilimia 1. Kwa hiyo ndani ya poliesta jasho halina pa kwenda, linateremka mgongoni kama mtu aliyemwagiwa maji. Lakini pamba nayo si ya kuaminiwa kwa jina tu. Pamba nzito kama ya jinzi ikilowa hukaa na maji muda mrefu. Unayoitafuta kwa joto ni pamba nyepesi, ile ambayo ukiinua kitambaa kuelekea mwanga unaona nyuzi zake bila kuona upande wa pili waziwazi. Kitani ni kizuri kuliko zote kwa joto, kinakunjamana lakini mikunjo yake haina aibu. Rayoni nayo ni baridi mwilini na inateremka vizuri. Madera mengi ya raha ni ya rayoni au pamba. Mengine ni poliesta tupu iliyochapwa maua, na hayo ukiyavaa mchana utajuta.

Muuzaji atakwambia, "Hii kotoni kabisa, dada." Inawezekana ni kweli. Kabla hujalipia mita tatu, mwombe uzi mmoja wa pembeni, uupeleke kwenye kiberiti mahali salama, palipo na maji karibu. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu laini linalosagika kwa kidole. Poliesta hujikunja, huyeyuka, hutoa harufu ya plastiki na kuacha punje nyeusi ngumu. Mchanganyiko unafanya yote mawili: unawaka, na unaacha vipunje vidogo. Mchanganyiko si dhambi. Shati la ofisini lenye poliesta kiasi linakauka haraka na halidai pasi nzito, na mtu anayefua usiku avae asubuhi anajua thamani ya hilo. Mradi ujue unachonunua. Rayoni pia huungua kama pamba, kwa hiyo kiberiti hakitakutofautishia hizo mbili; lowesha uzi kisha uvute, wa rayoni hukatika kirahisi zaidi ukiwa umelowa.

Fikicha pia. Kamata pembe ya kitambaa, kikunje kwenye ngumi mpaka uhesabu kumi, achia, utazame mikunjo inayobaki. Halafu kisugue kati ya vidole viwili: kikitoa unga mweupe, ule ugumu uliokuvutia ni wanga, na ukifua mara ya kwanza utabaki na kitambaa chepesi kilicholegea.

Kwa vitenge, geuza upande wa nyuma. Kitenge cha waksi rangi imezama pande zote mbili karibu sawa. Kilichochapwa upande mmoja nyuma kimepauka. Kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa 1846, inatengeneza waksi za pamba na bei yake inajulikana, ila si lazima ufike huko. Vipo vitenge vya bei ya kawaida vya pamba safi, na vipo vya poliesta vinavyong'aa sana na kuteleza mkononi. Kanga hivyohivyo: ya pamba ikifuliwa mara kadhaa inakuwa laini mpaka unailalia, ya poliesta hainywi maji hata ukijifuta nayo.

Umeshanunua? Usikimbilie kwa fundi. Pamba hurudi. Kitambaa kisichowahi kuoshwa kinaweza kupoteza sentimita 3 mpaka 5 kwa kila mita, na gauni likirudi hivyo baada ya kushonwa, fundi ataonekana mwizi bure. Kiloweke kwenye maji ya kawaida usiku kucha, kiogeshe, kianike kivulini, kinyooshe kwa pasi, ndipo kiende kukatwa. Maji ya kulowekea yatakuambia pia kama rangi inachuja. Ikichuja, kioshe peke yake kwa maji baridi mpaka maji yawe meupe. Wengi hutia chumvi wakidhani inafunga rangi. Haifungi.

Hatua ya tano: Anza na vya ndani na vya chini

Nguo ya nje haiwezi kustarehesha juu ya sidiria inayochimba mabega. Kama mikanda ya mabega inaacha mifereji, mara nyingi utepe wa mgongoni umelegea mno na mzigo wote umehamia mabegani. Shuka saizi ya mgongo, panda ya kikombe, ujaribu tena. Mfano, kutoka 38B kwenda 36C.

Mapaja yanayosuguana ni jambo ambalo watu hulivumilia kimya kimya. Taiti nyepesi ya pamba inayofika katikati ya paja, ndani ya gauni au sketi, humaliza michubuko kabisa. Ninazihesabu taiti hizo kuwa ununuzi wa kwanza kwa mtu anayetaka kuvaa magauni mjini. Wanaume nao: boksa ya pamba yenye miguu mirefu kidogo badala ya ile fupi inayojikunja. Chupi na boksa zisizopitisha hewa hualika fangasi, na nguo za ndani za mtumba usinunue hata zikiwa na lebo ya dukani. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limezipiga marufuku kwa sababu za afya.

Viatu nunua jioni, miguu ikiwa imeshavimba kwa kazi za siku. Kiatu kilichokutosha saa mbili asubuhi kinaweza kukutesa saa kumi. Na urefu wa suruali au gauni uamuliwe ukiwa na kiatu unachovaa kweli. Kama wewe ni mtu wa makubazi, gauni lipimwe ukiwa na makubazi.

Hatua ya sita: Mpelekee fundi nguo, usimpelekee picha tu

Picha ina kitambaa kingine, mwili mwingine na taa nyingine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mshono wa kuazima una tabia hiyohiyo. Unayemwonyesha fundi picha unampa mtihani wa kukisia. Unayempelekea ile nguo yako ya kambani, iliyokwisha kufaulu, unampa jibu. Mwambie, "Fundi, nishonee kama hii, ila shingo iwe ya duara na uniongezee mifuko." Picha iache kwa jambo moja dogo, kola au mkono, vile vitu ambavyo maneno yanashindwa kuvieleza.

Akitaka kukupima mwili, muache apime, lakini pima na nguo pia. Itandaze mezani bila kuivuta, pima kwapa hadi kwapa, zidisha mara mbili. Mafundi wengi wa huku wanatumia inchi. Tuseme kifua chako ni 38 na shati unalolipenda lina 42: hizo inchi nne za ziada ndizo raha yako, na ndizo zinazopotea fundi akikupima mwili peke yake kisha akashona "kwa kukupendezesha". Kitambaa kinachovutika kama jezi kinahitaji chache zaidi, hata mbili au pungufu. Fanya hivyo kwa kiuno, nyonga, upana wa mkono kwenye msuli, na urefu. Ziandike kwenye simu yako. Daftari la fundi hupotea, na yeye mwenyewe anaweza kuhama kibanda.

Wakati wa kupimwa usivute tumbo ndani. Vaa sidiria utakayovaa na nguo hiyo. Na jiandae kwa mazungumzo haya:

"Dada, kiunoni nikikuachia hivi itapwaya, haitapendeza."

"Niachie tu fundi. Nikitaka kubana nitavaa mkanda."

"Watu wataona kama sijui kushona."

"Wakiniuliza nitawaambia niliomba mwenyewe."

Fundi hana nia mbaya. Nguo yako ni tangazo lake mtaani, na amezoea wateja wanaosifu nguo kwa jinsi inavyochora umbo. Kwa hiyo usimgombeze, mweleze mapema, kabla mkasi haujaingia, kwa sababu kitambaa kikishakatwa mjadala umekwisha.

Mambo mengine ya kuomba bila haya: mifuko kwenye gauni, yenye kina cha kuingia simu nzima; akiba ya inchi moja kila upande ndani ya mshono, ili nguo iweze kuongezwa siku za mbele; bitana ya pamba badala ya ile inayoteleza; kingo za ndani zipigwe ovaloki zisikuchome. Omba pia kujaribu kabla hajamalizia upindo na mikono. Wengine hawapendi, lakini hapo ndipo makosa hurekebishwa kwa dakika tano. Kama fundi ni mgeni kwako, anza naye kwa kitambaa cha bei rahisi, umwone mkono wake. Malipo acha baki mpaka ujaribu, na ule mtihani wa mwendo ufanye palepale kibandani, hata kama waliokaa kwenye benchi wanakutazama.

Tarehe mwambie siku kadhaa kabla ya siku unayoihitaji. Karibu na Idi na Krismasi hata fundi mkweli huwa na "njoo kesho" tatu. Peleka kitambaa kabla Ramadhani haijaanza, au Novemba mwanzoni.

Hatua ya saba: Mtumba, kwa macho na mikono

Soko la mitumba ndilo mahali pazuri zaidi pa kujenga mtindo wako, kwa sababu halifuati msimu. Robota moja lina nguo za miaka kumi tofauti, na hakuna anayekuambia ipi "inatoka" mwaka huu. Iwe Karume pale Ilala, Memorial Moshi, Kongowea Mombasa au Gikomba Nairobi, nenda na ile karatasi ya hatua ya kwanza na utepe wa kupimia. Namba za lebo zitakuzungusha: 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani na 40 ya bara la Ulaya. Utepe haudanganyi.

Pa kuvulia hapapo, kwa hiyo suruali watu huipima kwa shingo: funga kifungo, zungusha kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana nyuma bila kukaza, kiuno kinaelekea kukutosha. Ni makadirio. Mwenye shingo nene au nyembamba kuliko kawaida atadanganyika, na haikuambii chochote kuhusu nyonga na mapaja. Nyonga pima kwa utepe.

Kagua kwapa, kola, kati ya miguu na makalio, ukiinua nguo kwenye mwanga. Huko ndiko kitambaa huchakaa kwanza. Fungua na funga zipu mara kadhaa. Vuta lastiki uone kama inarudi. Soma lebo ya ndani ya mbavu, mara nyingi imeandika kitambaa na asilimia zake, jambo ambalo maduka yetu mengi ya vitambaa hayakupi.

Kisha jiulize fundi ataweza nini. Kufupisha, kupunguza mbavuni, kubadili zipu, kuhamisha kifungo, hayo ni ya bei ndogo. Mabega yaogope. Kurekebisha bega la koti au shati ni kulifumua nusu nzima, na gharama yake inaweza kuzidi ya nguo. Kwa hiyo chagua kwa bega. Likikaa sawa, mengine yote yanazungumzika.

Sare za shughuli

Hapa ndipo mtindo wa mtu hupigwa mwereka. Kamati imekaa, kitambaa kimechaguliwa, picha imetumwa kwenye kundi la WhatsApp, na mama mdogo ameshaandika jina lako kabla hujaulizwa. Mara nyingi ni satini au lesi ya poliesta, na shughuli ni saa nane mchana chini ya turubai.

Kugoma si lazima. Sare ni njia ya kuonyesha wewe ni wa nani, na ukoo una kumbukumbu ndefu. Chukua kitambaa, mshono uwe wako. Kama unajua unavaa mikono ya kiwiko na gauni lisilobana, shona hivyo. Kwenye picha ya pamoja rangi ndiyo inayoonekana. Lesi itie bitana ya pamba. Satini ipunguze: sketi ya satini na blauzi ya pamba ya rangi hiyohiyo, kama kamati inaruhusu. Na kama mwezi huo sare ni tatu na mfuko hauwezi, sema mapema na kwa heshima: "Shangazi, mchango wangu nimeleta kamili, sare safari hii nitavaa kilemba cha rangi yenu." Ukisema siku mbili kabla ya harusi, itaonekana umesusa.

Kazini na rangi

Watumishi wa umma wana waraka wao wa mavazi, na mabenki, shule na hoteli zina kanuni zao. Isome kanuni yenyewe, usisome hofu za watu. Mara nyingi inazungumzia urefu, kubana na kuonyesha mwili, na nguo ya pamba iliyopwaya kwa adabu inapita bila shida. Ofisi yenye kiyoyozi kikali wekea koti jepesi au mtandio mezani, uvae nguo inayofaa joto la nje uendako na urudiko.

Rangi sina mengi. Chagua mbili za msingi ambazo tayari zimejaa kwenye kamba yako, na moja au mbili za kuchangamsha. Kama suruali na sketi zako ni za rangi tulivu, kitenge cha mauamaua juu kinapata pa kukaa. Jasho huonekana zaidi kwenye kijivu na buluu ya kufifia, huonekana kidogo kwenye nyeupe, nyeusi na mapambo mengi. Kwa anayepanda mwendokasi saa moja asubuhi, hiyo ni habari nzito kuliko rangi ya mwaka.

Kuzifanya zidumu

Nguo ukizipata zikakukaa, shona ya pili na ya tatu. Watu huogopa kuonekana wamerudia, lakini mshono mmoja kwenye vitambaa vitatu tofauti hauonekani umerudiwa, unaonekana ni wako. Fua zikiwa zimegeuzwa ndani nje, anika kivulini, na shati la jasho la kwapa lioshwe siku hiyohiyo, kwa sababu doa la njano likishakauka mara kadhaa halitoki tena.

Mwili nao hubadilika: uzazi, umri, ugonjwa, chakula cha nyumbani kwa mama. Nguo ya "nikipungua nitaivaa" haina haja ya kushika nafasi kabatini. Ipeleke kwa fundi afumue ile akiba ya inchi moja uliyoiomba. Alama ya mshono wa zamani ikibaki, loweka nguo, piga pasi ingali na unyevu, na ikikataa kabisa muombe fundi apitishe utepe juu yake. Suruali ya jinzi ndiyo mbishi, mishono yake imepigwa mara mbili na hakuna akiba ya kufumua. Hiyo mpe mdogo wako.